Simu ikidai memori kadi imeharibika, usikimbilie kufomati

MFANYABIASHARA wa mpunga wa Kahama hana budi kuwa na kumbukumbu nzuri. Wakati wa mavuno huchukua mzigo kwa wakulima wengi kwa mpigo, wengine kwa fedha taslimu na wengine kwa mkopo, na magunia yote huishia katika ghala moja kwenye mashine ya kukoboa.

Zamani hesabu hizo zilikaa kwenye kauntabuku peke yake. Siku hizi karatasi ya mizani hupigwa picha, na makubaliano ya bei hubaki kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa wachimbaji wadogo wa Geita mambo ni yale yale. Viroba vya mawe vilivyotoka kwenye duara hupigwa picha kabla ya kupelekwa kwenye karasha, ili wakati wa kugawana asije mtu akadai amepunjwa.

Tuchukue mfano wa mnunuzi mmoja wa mpunga. Anapiga picha karatasi ya mizani, betri ya simu yake imeshavimba na chaji ni kidogo, simu inazimika ghafla. Anapoichomeka kwenye umeme na kuiwasha, inamwandikia kuwa memori kadi imeharibika, na chini ya maneno hayo kuna kitufe cha kumtaka aifomati. Humo ndani zimo picha za msimu mzima, zikiwamo za wakulima wanne ambao bado hajawalipa.

Kitufe hicho ndicho kinachowaponza wengi. Mtu hukibonyeza kwa kuwa simu yenyewe ndiyo imemshauri, naye anataka kazi iendelee. Baada ya hapo kadi inafanya kazi vizuri kabisa, ila ni tupu.

Kinachopotea si picha tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kutumika kama ushahidi, na katika kuzipima mahakama huangalia pamoja na mengine jinsi zilivyotunzwa. Aidha, sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka huo huo inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka mitano. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa joto, na ndiyo maana wafanyabiashara wengi huzipiga picha.

Jambo moja liwekwe wazi mapema ili watu wasipate hofu isiyo na sababu. Fedha za M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa hazikai ndani ya simu wala kwenye memori kadi. Ziko kwenye kompyuta za kampuni husika. Simu ikifa, mteja huchukua laini mpya yenye namba ile ile na kukuta salio lake, na taarifa ya miamala anaweza kuiomba kwa kampuni. Kinachoweza kupotea ni kile kilichoandikwa kwenye simu peke yake: picha, sauti, orodha za majina na mazungumzo ya WhatsApp ambayo hayakuwekewa nakala.

Ghala na daftari la karani

Kimsingi, memori ya simu ni kama ghala la chama cha msingi cha pamba. Mzigo umepangwa kwenye vyumba vingi, na karani ana daftari linaloonyesha marobota ya nani yako chumba gani. Mafundi wa kompyuta huliita daftari hilo pamoja na taratibu zake mfumo wa mafaili.

Karani akianguka ghafla wakati anahamisha robota, mzigo unabaki ghalani lakini daftari halisemi kweli. Litaonyesha chumba kitupu kuwa kimejaa, au robota moja kuwa la wakulima wawili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa simu iliyozimika katikati ya kuandika. Mara nyingi picha bado zipo. Kilichovurugika ni daftari, na daftari linaweza kukaguliwa na kurekebishwa.

Simu nyingi zinazouzwa Shinyanga, Kahama na Geita hutumia Android, ambayo kiini chake ni Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland. Hata Smart Kitochi, simu ndogo ya vitufe ambayo Vodacom Tanzania iliiingiza sokoni mwaka 2019, hutumia mfumo wa KaiOS uliojengwa juu ya kiini hicho hicho. Kwa hiyo zana za Linux za kukagua mafaili, ambazo zimetumika kwenye kompyuta kubwa kwa miaka mingi, zinafaa pia kwa simu ya mkulima.

Ndani ya simu yenyewe mfumo wa mafaili huwa ni ext4 au F2FS. Mifumo hii ina kinga dhidi ya kuzimika ghafla. Karani wa ext4, kwa mfano, ana daftari la rafu, na huandika humo kwanza kile anachotaka kubadili kabla ya kugusa daftari kubwa. Umeme ukikatika, simu inapowaka husoma rafu hiyo na kumalizia kazi au kuiacha. Hata hivyo, kwa kawaida rafu hiyo hutunza habari za mahali mzigo ulipo, si mzigo wenyewe. Picha iliyokuwa ikipigwa wakati simu inazimika inaweza kupotea hata kama nyingine zote zimesalimika.

Memori kadi haina bahati hiyo. Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, na kubwa kuliko hizo hutumia exFAT. Mifumo hii haina daftari la rafu. Imependwa kwa sababu inasomeka kwenye simu, kamera na kompyuta za kila aina, lakini ikikatizwa katikati ya kazi huchanganyikiwa kwa urahisi. Ajabu ni kwamba kwenye kadi hiyo dhaifu ndiko watu huweka vitu vyao vya thamani, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi.

Kwanza nakala, ukaguzi baadaye

Dalili huanza kidogo kidogo. Baadhi ya picha hufunguka nusu, nusu nyingine ikiwa ya kijivu. Majina ya mafaili hugeuka herufi zisizosomeka. Simu huandika kuwa nafasi imejaa wakati mwenyewe anajua haijajaa, au hukataa kuhifadhi picha mpya.

Dalili hizo zikionekana, la kwanza ni kuacha kuandika chochote. Hakuna kupiga picha nyingine wala kupakua wimbo. Daftari likiwa limevurugika, simu inaweza kudhani chumba chenye mzigo ni kitupu na kukiwekea mzigo mwingine, na kilichofunikwa hivyo hakirudi. Simu izimwe kwa utaratibu, ndipo kadi ichomolewe.

Hatua inayofuata inahitaji kompyuta na kifaa cha kusomea kadi, vitu ambavyo mafundi wengi wa simu na vibanda vya kuchapa barua wanavyo. Adapta inayokuja na memori kadi ina kidude kidogo ubavuni. Kikisogezwa upande wa kufunga, kompyuta nyingi zitasoma kadi bila kuiandika. Windows ikiuliza kama ikague na kurekebisha kadi, au kama iifomati, ujumbe huo ufungwe kwanza.

Sababu ni kwamba urekebishaji nao ni kuandika. Programu ya kurekebisha hukata shauri pale daftari linapojipinga, na ikilazimika hufuta upande mmoja ili hesabu zilingane. Lengo lake ni daftari lisilo na mgongano, hata kama kwa kufanya hivyo faili la mtu litatupwa. Kwa hiyo fundi makini huchukua kwanza nakala ya kadi nzima, chumba kwa chumba, na kuiweka kwenye kompyuta kama faili moja kubwa. Kwenye Linux kazi hii hufanywa na programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na baadaye kurudi kwenye zile zinazogoma. Kazi zote zinazofuata hufanyika juu ya nakala hiyo. Mambo yakiharibika, kadi halisi bado haijaguswa.

Ndipo unakuja ukaguzi. Zana ya Linux huitwa fsck, na kila mfumo wa mafaili una yake: e2fsck kwa ext4, fsck.f2fs kwa F2FS, fsck.vfat kwa FAT na fsck.exfat kwa exFAT. Kwa e2fsck na zile mbili za kadi, ukiongeza herufi -n, zana inatazama na kutoa orodha ya makosa bila kubadili kitu. Kwenye Windows amri ni chkdsk ikifuatiwa na herufi ya kadi. Ikiandikwa hivyo tu inakagua, na ikiongezewa /f inarekebisha. Ni vizuri mteja aombe kuiona orodha hiyo ya makosa kwanza. Mistari michache ni jambo la kawaida baada ya kuzimika ghafla. Makosa yakiwa mamia kwa mamia, afadhali kuokoa picha kwanza na kuachana na urekebishaji.

Baada ya kurekebisha, vipande vya mafaili visivyo na mwenyewe hukusanywa pembeni. Windows huviweka kwenye folda iitwayo FOUND.000 vikiwa na majina yanayoishia na CHK, na fsck.vfat huvipa majina yanayoishia na REC. Kwenye ext4 huwekwa kwenye folda ya lost+found. Wengi huyaona majina hayo wakadhani ni takataka na kuyafuta, kumbe picha ya karatasi ya mizani inaweza kuwa humo. Mara nyingine inatosha kubadili mwisho wa jina kuwa jpg na picha ikafunguka.

Iwapo daftari limeharibika kiasi cha kutorekebishika, bado kuna PhotoRec, nayo ni ya bure. Hii haisomi daftari kabisa. Hupita chumba kwa chumba ikitafuta alama ambazo picha, sauti au hati huwa nazo mwanzoni mwake. Majina ya awali hupotea, lakini picha iliyopigwa kwa simu kwa kawaida hubeba ndani yake tarehe na saa, hivyo inawezekana kuzipanga upya. Kinachookolewa kisiandikwe kwenye kadi ile ile, bali kwenye kompyuta au flashi nyingine. Njia hii husaidia hata kwa aliyekwisha kubonyeza kitufe cha kufomati, mradi hajaandika kitu kipya juu yake na kadi yenyewe haikuagizwa kufuta kila kitu.

Kuna kadi moja ambayo njia hizi hazitaifungua. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu humruhusu mtumiaji kuifanya kadi iwe sehemu ya memori ya ndani. Kadi ya namna hiyo hufungwa kwa siri ambayo ufunguo wake unabaki kwenye simu hiyo. Ikipelekwa kwenye kompyuta itaonekana kama imeharibika hata kama ni nzima. Irudishwe kwenye simu yake, na mafaili yanakiliwe yakiwa humo humo.

Hitilafu ikiwa ndani ya simu

Memori ya ndani ni habari nyingine. Android ina utaratibu wake wa kukagua mfumo wa mafaili wakati simu inawaka, kabla mtumiaji hajaona chochote. Ndiyo maana simu iliyozimika vibaya inaweza kuchelewa kwenye nembo. Kinachotakiwa ni kuichomeka kwenye chaji na kuiacha. Anayeizima na kuiwasha mara kumi kwa hasira anakatiza ukaguzi huo mara kumi.

Ikikwama kabisa, simu nyingi zina ukurasa wa dharura unaofunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti. Hapo hutokea maandishi ya Kiingereza ambayo mkulima anapaswa kuyatofautisha. "Wipe cache partition" hufuta mafaili ya muda tu na haigusi picha. "Wipe data/factory reset" hufuta kila kitu cha mwenye simu. Mistari hiyo miwili mara nyingi hufuatana, na kidole kikiteleza ndiyo basi.

Zamani fundi aliweza kung'oa chipu ya memori na kuisoma kwenye mashine nyingine. Kwa simu zilizotoka kiwandani na Android 10 ya mwaka 2019 au matoleo ya baadaye, taarifa za mwenye simu hufungwa kwa siri inayotegemea simu yenyewe na namba yake ya kufungulia. Chipu ikisomwa kwingine hutoa herufi zisizo na maana. Fundi anayeahidi kuokoa kila kitu kwa kung'oa chipu ya simu kama hiyo ataleta matumaini kuliko picha.

Neno la kujihadhari nalo kwenye vibanda ni kuflashi. Maana yake ni kuandika upya programu zote za simu. Ni tiba halali kwa simu iliyogoma kuwaka, lakini mara nyingi mafaili ya mwenyewe huondoka nayo. Baada ya hapo simu huweza kudai akaunti ya Google iliyokuwamo mwanzo, na hapo wengi hukwama, kwa kuwa akaunti hiyo walifunguliwa na muuzaji dukani na neno la siri hawalijui. Anayenunua simu aondoke dukani akiwa ameliandika neno hilo kwenye karatasi.

Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi fundi simu, ni haki ya mteja kuuliza kama atachukua nakala kwanza, nakala hiyo ataiweka wapi, na ataifuta lini baada ya kazi. Picha za vitambulisho na za fedha za watu zimo humo. Fundi akijibu kwamba ataflashi halafu ataona, ni bora kutafuta mwingine, hata kama itabidi kupanda basi kwenda Mwanza.

Kadi za bandia

Kuna tatizo ambalo urekebishaji wa aina yoyote hautaliponya, nalo ni kadi za bandia. Kadi yenye nafasi ya GB 8 huchezewa ndani ili ijitangaze kuwa ni ya GB 64, na nje huchapwa jina la kampuni kubwa. Mwanzoni hufanya kazi bila shida. Nafasi ya kweli ikijaa, picha mpya ama hukalia za zamani ama hupotea hewani, huku daftari likionyesha kuwa zote zipo. Mwenye kadi huilaumu simu na kufomati, mchezo unaanza upya.

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini kwa kutumia namba za utambulisho za simu hizo. Memori kadi hazina namba inayoonekana na mtandao wa simu, hivyo mnunuzi ndiye mkaguzi wa mwisho. Njia ya uhakika ni kuijaza kadi mpya hadi mwisho na kusoma tena kilichoandikwa. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux hufanya kazi hiyo. Kwa kadi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, na ifanywe kadi ikiwa bado tupu, maana kwenye kadi bandia jaribio hilo hufuta kilichomo.

Hata kadi halali huchakaa. Ukaguzi ukionyesha kwamba kuna vyumba visivyosomeka, au kadi ikikataa kuandikwa ingawa kidude chake hakijafungwa, ugonjwa uko kwenye kadi yenyewe. Kinachookoleka kiokolewe, nayo itupwe. Kurekebisha daftari la ghala ambalo ukuta wake umebomoka ni kupoteza muda. Vivyo hivyo kwa betri iliyovimba: ibadilishwe kwanza, la sivyo simu itazimika tena wiki ijayo katikati ya mizani. Simu inayokaa juani kwenye bodaboda siku nzima nayo huchakaza betri haraka.

Mnunuzi wa mpunga wa mfano wetu, kama hakubonyeza kile kitufe, ana nafasi nzuri ya kupata picha nyingi. Kadi yake ikinakiliwa na kukaguliwa, huenda akapata karatasi zote za mizani isipokuwa ile ya mwisho, iliyokuwa ikiandikwa betri ilipoisha. Hiyo ataitafuta kwa mwenye mizani, ambaye mara nyingi hubaki na nakala ya kaboni. Picha zilizookolewa bila majina atazipanga kwa tarehe na kuzilinganisha na kauntabuku, mkulima mmoja baada ya mwingine, kabla mashine haijaanza kukoboa magunia yao.